Tupeane uzoefu: unatambuaje dhahabu halisi machimboni?

Wadau, tuwekeane hapa vipimo vinavyofanyika bila maabara, na kwa nini dhahabu inakaa pale inapokaa.

Karai
Anza na kivuli. Kinga jua kwa kiganja: dhahabu inabaki na njano yake ileile, pairaiti (madini ya chuma na salfa yanayong'aa kama dhahabu) na maika (vipande vyembamba vinavyometa) zinafifia. Kisha bonyeza kwa ncha ya sindano. Dhahabu inabonyea, pairaiti inasagika unga mweusi. Ukiosha, maika inatangulia na maji, dhahabu inabaki nyuma kabisa ya mchanga mweusi (chembe nzito zenye chuma).

Mizani
Kipande kikubwa kipimwe. Weka glasi ya maji juu ya mizani, rudisha sifuri, kisha ning'iniza kipande kwa uzi kizame bila kugusa glasi. Kama kikavu kina gramu 20 na mizani inasoma 1.1, gawanya: 18.2, yaani ni kizito mara 18.2 kuliko maji. Dhahabu tupu ni 19.3, ya asili huwa chini ya hapo kwa kuwa imechanganyika na fedha. Pairaiti ni 5 tu. Futa viputo vya hewa. Kipande chenye jiwe jeupe ndani kitashusha hesabu hata kama dhahabu imo, kwa hiyo usikitupe.

Mwamba
Hata pairaiti msiidharau. Kwenye miamba ya zamani kama ya Geita, maji ya moto yenye salfa yalipanda kwenye nyufa yakiwa yamebeba dhahabu. Yalipokuta mwamba wenye chuma kingi, chuma kikainyakua salfa ikawa pairaiti, na dhahabu ikakosa mbebaji ikaganda hapohapo, mara nyingi ndani ya pairaiti yenyewe, isionekane kwa macho.

Karibu na uso wa ardhi, mvua na hewa vimeozesha pairaiti. Unakuta jiwe lenye kutu na vitundu, dhahabu iko huru. Duara (shimo la kuchimbia) likishuka chini ya usawa wa maji ya ardhini, mbale (mawe yenye dhahabu) inageuka kijivu, zebaki ya kunasia dhahabu haishiki, watu wanahama wakidhani rifu (mkanda wa mwamba wenye dhahabu) imekata. Mara nyingi haijakata, dhahabu imefungwa ndani ya pairaiti. Na msiichome kuifungua: jiwe linalonuka kitunguu saumu likigongwa lina aseniki, moshi wake ni sumu.

Mgeni
Sumaku je?

Karai
Haithibitishi kitu, pairaiti nayo haiivuti. Inafaa kutoa mchanga mweusi tu. Ukaushe kwanza, sumaku uifunge kwenye nailoni, uipitishe juujuu. Ukiikandamiza itaondoka na punje zako.