Kupima moyo wodini: mvumo nausikilizaje?

Mwana wa Jang'ombe
Assalamu alaikum. Nasoma utabibu hapa Unguja, na mtihani wa vitendo umekaribia. Kituo kinachonitia hofu ni cha moyo. Nikiweka stetoskopu nasikia mapigo mawili tu, basi. Mwalimu anasema kuna mvumo, ile sauti ya ziada baina ya mapigo, wenzangu wanatikisa vichwa kuwa wameusikia, mimi sijasikia kitu. Wodi ina kelele, na wagonjwa wengi ni kina mama waliojistiri, naona haya kuwaambia wafungue kifua. Wenye uzoefu mnaanzia wapi?

Kidagaa
Wa alaikum salaam. Omba feni izimwe. Kisha kariri sehemu nne za kusikilizia vali, yaani milango ya damu ya moyo: vali ya aota, nafasi ya pili baina ya mbavu upande wa kuume; vali ya mapafu, nafasi hiyohiyo kushoto; trikuspidi, chini kushoto kwa mfupa wa kifua; mitrali, kwenye ncha ya moyo. Watahini wanapenda mpangilio.

Tabibu wa Wete
Wa alaikum salaam mwanangu. Hizo sehemu nne zishike, lakini ukifika hapo kazi kubwa iwe umeshaifanya.

Simama kuume kwa mgonjwa, kitanda kiinuliwe nyuzi 45. Mtazame kabla hujamgusa: anamaliza sentensi bila kukata pumzi? Shika mkono wake. Wa baridi, una jasho? Bonyeza ukucha, damu irudi ndani ya sekunde 2. Vuta kope ya chini uone kama ndani pamepauka, maana upungufu wa damu peke yake unaweza kuuendesha moyo mbio na kuleta mvumo, na wajawazito wetu wenye upungufu huo ni wengi. Mapigo ya mkononi kwa mtu mzima aliyetulia ni 60 hadi 100 kwa dakika. Yakienda ovyo, hesabu dakika nzima, stetoskopu kifuani na vidole mkononi: mengine utayasikia kwenye moyo na hayafiki mkononi. Hilo liandike.

Presha mpime akiwa amepumzika dakika 5, hazungumzi, mkono usawa wa moyo. Kitambaa kidogo cha kipimo kwenye mkono mnene kitakupa presha ya uongo.

Shingoni tafuta mshipa wa vena. Ateri unaihisi kwa kidole. Vena unaiona tu, inacheza mara mbili kwa kila pigo, ukiibonya chini yake inapotea. Ikipanda zaidi ya sentimita 4 juu ya kifundo cha mfupa wa kifua, damu inarudi nyuma, moyo umezidiwa. Ndipo uweke kiganja kifuani. Ncha ya moyo huwa nafasi ya tano, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga. Ikiwa imesogea kuelekea kwapani, moyo umetanuka.

Sasa ile haya uliyoitaja. Vuta pazia, mwite sista wa kike akae nawe, mweleze mgonjwa: "Bi, nataka kusikiliza moyo wako, nitafunua hapa tu." Kanga ibaki mwilini, ifunuliwe pale unaposikiliza, ziwa la kushoto aliinue mwenyewe. Sijaona mama aliyekataa akiombwa hivyo. Juu ya nguo usisikilize kabisa, kitambaa kinakwaruza na sauti nzito zinamezwa.

Na sauti nzito ndiyo ninayotaka uisikie. Vali ya mitrali iliyobana mvumo wake uko chini sana, kama mashine ya boti ikiwa bado mbali. Mlaze ubavu wa kushoto, tumia upande wa kengele wa stetoskopu, ule wenye umbo la kikombe, uguse ngozi kwa wepesi, mwambie atoe pumzi na aizuie kidogo. Akilala chali unaupita bila kuusikia.

Nakushikilia hapo kwa sababu ya kina mama. Ujauzito huongeza damu kwa karibu nusu, na moyo huenda mbio. Vali iliyobana haipati muda wa kupitisha damu yote, maji hujaa mapafuni, mama anakohoa usiku na hawezi kulala chali. Nimewapokea waliozungushwa kituo hadi kituo kwa dawa za pumu, wala hakuna aliyewafunua kifua. Inaniuma sana, kwani ni dakika chache tu za kazi.

Mwana wa Jang'ombe
Ahsante sana Bi. Nikiusikia, nitajuaje uko baada ya pigo la kwanza au la pili?

Tabibu wa Wete
Weka kidole kwenye ateri ya shingo, upande mmoja tu, usibonye pande zote mbili kwa pamoja. Pigo la shingoni linaambatana na sauti ya kwanza. Mvumo unaokwenda na kidole ni wa moyo kusukuma. Unaokuja kidole kimetulia ni wa moyo kujaa, na huo haupo kwenye moyo wenye afya.

Kidagaa
Msisahau kusikiliza mgongoni, chini ya mapafu, na kubonya miguu. Aliyelala siku nyingi mbonye kiunoni, maji hukusanyika huko.

Tabibu wa Wete
Naam. Na ukiusikia huo wa kujaa, muulize kama utotoni aliumwa koo, kisha viungo vikamvimba kimoja baada ya kingine, yaani homa ya baridi yabisi. Mpeleke akapigwe eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Vali ikithibitika imeharibiwa na homa ile, atahitaji sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4 kwa miaka mingi, basi mwandikie tarehe ya sindano inayofuata kabla hajatoka mlangoni.