Joto la mmenyuko si kipimo cha nishati amilishi, na mtoto aliyeandika hivyo amekoseshwa

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Ngamiani, Tanga, na sitaficha kwamba naandika nikiwa na hasira. Mpwa wangu yuko kidato cha tatu. Juma lililopita alirudi na karatasi ya jaribio la kemia, ambamo aliulizwa uhusiano uliopo kati ya nishati amilishi (inayohitajika ili mmenyuko, yaani vitu kubadilika kuwa vitu vipya, uanze) na joto la mmenyuko (joto unalotoa au kufyonza), akajibu kwamba joto la mmenyuko ni tofauti kati ya nishati amilishi ya kwenda mbele na ile ya kurudi nyuma. Jibu hilo ni sahihi kabisa. Amepewa sifuri kati ya alama nne, na pembeni pameandikwa kwa wino mwekundu kwamba joto linalotolewa likiwa jingi, nishati amilishi huwa ndogo.

Sentensi hiyo imetoka neno kwa neno katika kijitabu cha tuisheni ambacho wazazi tumelazimika kukinunua, na mtoto ameniuliza, "Mjomba, mtihani ukija niandike lipi?"

Nishati amilishi ni kiasi cha chini cha nishati ambacho chembe zinazogongana lazima ziwe nacho ili mmenyuko utokee. Joto la mmenyuko hutokana na tofauti ya nishati kati ya vitu vilivyoingia na vilivyotoka. Mtu akitoka Mombo, akavuka milima ya Usambara na kuteremka upande wa pili, tofauti ya mwinuko kati ya mwanzo na mwisho wa safari haimwambii hata kidogo amepanda juu kiasi gani njiani.

Mkaa tunao majumbani. Moli moja (kipimo cha wanakemia cha idadi ya chembe) ya kaboni, ndiyo sehemu kubwa ya mkaa, ikiungua kabisa hutoa kilojuli 394 hivi, lakini gunia la mkaa hukaa stoo mwaka mzima bila kuwaka, kwa sababu nishati amilishi yake ni kubwa. Sasa chukueni mawe ya chokaa, jamii ya mawe yaliyofanya mapango yetu ya Amboni. Yakishachomwa kwenye tanuri na kupoa, yamwagieni maji: yatachemka na kutoa mvuke papo hapo, ingawa mmenyuko huo hutoa kilojuli 65 tu kwa moli. Kama kijitabu kingekuwa kinasema kweli, mkaa ndio ungewaka wenyewe na chokaa ndiyo ingesubiri kiberiti.

Ukurasa unaofuata unanikera zaidi, maana unadai kwamba kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha, hupunguza joto la mmenyuko. Peroksaidi ya hidrojeni inapovunjika kuwa maji na oksijeni hutoa kilojuli 98 hivi kwa moli, na bila kichocheo nishati amilishi yake ni takriban kilojuli 75, hivyo njia ya kurudi ingehitaji 75 kujumlisha 98, yaani 173. Ukitia iodaidi kama kichocheo, 75 hushuka hadi 56 hivi, na 173 nayo hushuka hadi 154. Toa 56 katika 154, utapata 98 ile ile. Hesabu hii mtoto wa darasa la tano anaiweza, na ndiyo aliyoieleza mpwa wangu kwa maneno.

Najua atatokea wa kunitajia kanuni ya wanakemia Bell, Evans na Polanyi ya miaka ya 1930, isemayo kwamba kadiri mmenyuko unavyotoa joto zaidi ndivyo nishati amilishi yake inavyopungua. Ipo, nami naiheshimu, lakini inahusu familia ya mimenyuko inayofanana sana, wala si kila mmenyuko duniani. Tena joto huweka mpaka upande mmoja tu: hatua moja ya mmenyuko inayofyonza joto haiwezi kuwa na nishati amilishi iliyo chini ya joto inalofyonza. Kijitabu hakina hata mstari mmoja juu ya hilo.

Nilikwenda shuleni Jumatatu. Nikajibiwa kwamba kijitabu kimetumika miaka mingi na hakuna mzazi mwingine aliyelalamika. Miaka mingi! Ni watoto wangapi wamefundishwa kufuta jibu la kweli na kukariri la uongo?

Nataka kurasa hizo mbili ziondolewe, darasa zima lielezwe kosa lilipo, na alama nne za mtoto zirudishwe. Wazazi wenzangu wa Tanga mlio na kijitabu hicho, tufuatane Jumatatu ijayo saa mbili asubuhi, kila mmoja na nakala yake.