Naomba ushauri: sensa ya sumaku kwenye mota ya pikipiki ya umeme

Wakuu, habari za kazi. Pikipiki yangu ya umeme ndiyo inalisha familia, na tangu wiki iliyopita nikiondoka inatetemeka na kugongagonga kama imeshikwa breki. Nikiisukuma kidogo kwa miguu inakubali kwenda.

Fundi alisema ni betri. Sikuridhika, nikapima mwenyewe. Waya nyekundu na nyeusi za sensa za Hall (zile sensa za sumaku ndani ya mota) zinaleta volti 5, sawa. Nikazungusha gurudumu polepole kwa mkono: waya za ishara, njano na kijani, zinaruka kati ya 0 na karibu volti 5 kadiri sumaku zinavyopita, ila bluu imeganda kwenye 5, haishuki kabisa.

Ninavyoelewa, ndani ya sensa kuna kipande cha semikondakta kinachopitisha umeme. Uga wa sumaku ukikipiga, chaji zinasukumwa pembeni na volti ndogo inatokea ubavuni, jambo aliloligundua Edwin Hall mwaka 1879. Kontrola (kifaa kinachoendesha mota) inasoma sensa 3 ili ijue koili zipi zipewe umeme. Moja ikifa, inapotea njia.

Waliowahi kufungua mota hizi: nitajuaje kama ni sensa yenyewe au waya umekatika njiani? Nibadilishe moja au zote 3? Nataka sensa ile inayoshikilia hali yake mpaka ncha nyingine ya sumaku ipite, je, niko sahihi? Na gundi gani inahimili joto la mota? Sumaku za humo zina nguvu sana, naogopa vidole vyangu.