Marafiki sita, Afriski Lesotho mwezi Agosti: theluji, gari na vivutio, tujipange vipi?

Upanga6
Habari zenu wakuu. Tuko marafiki sita: watatu wa Nairobi, wawili wa Dar, mmoja wa Kampala. Tunataka kucheza kwenye theluji bila kupigania viza ya Ulaya, na tumekubaliana Afriski, kituo cha skii kilicho milimani Lesotho. Tuna siku saba kwa jumla na tungependa kutembelea vivutio pia. Hakuna kati yetu aliyewahi kuvaa skii (zile mbao mbili za kutelezea kwenye theluji). Mpango ni kutua Johannesburg, kukodi gari la viti saba na kwenda moja kwa moja siku hiyo hiyo. Je, theluji ni ya uhakika? Tununue nguo gani na tukodi nini? Na barabara ya huko ikoje?

Mwana_Baridi
Karibu mkuu. Msimu ni Juni hadi mwisho wa Agosti. Epukeni wiki za likizo ya shule za Afrika Kusini, mwisho wa Juni hadi katikati ya Julai na zaidi kidogo, maana foleni ya lifti, mtambo wa kukupandisha juu ya mteremko, inakula siku nzima. Wiki ya kwanza ya Agosti, Jumatatu hadi Alhamisi, ni nzuri sana. Tarehe 9 Agosti ni sikukuu ya taifa kwa Afrika Kusini, na ikiangukia karibu na wikendi watu hujaa tena.

Kuhusu theluji, mjue mnachokwenda kukiona. Mteremko mkuu una urefu wa kama kilomita moja na unategemea theluji ya mashine. Usiku mashine hurusha matone madogo ya maji pamoja na hewa ya mgandamizo, na yanaganda kabla hayajafika chini. Zinahitaji baridi ya kama nyuzi −2 hewa ikiwa kavu, na kukiwa na unyevu mwingi zinahitaji baridi zaidi. Kwa hiyo mteremko utakuwa mweupe hata kama milima ya pembeni ni nyasi kavu za kahawia. Theluji ya mbinguni huja ikipenda. Ikianguka nyingi ni uzuri mtupu, lakini inaweza pia kuifunga barabara, kwa hiyo wekeni siku moja ya akiba kabla ya ndege ya kurudi.

Saa za kucheza nazo ni muhimu. Asubuhi na mapema mteremko umeganda, ni mgumu na unateleza, na anayejifunza huumia. Kuanzia saa 4 hadi saa 6 mchana unakuwa laini kiasi. Alasiri unageuka mzito kama uji, miguu imechoka, na ajali nyingi za magoti hutokea hapo. Chukueni somo la asubuhi, mpumzike mchana, halafu mcheze kidogo tu.

Hilo la kwenda moja kwa moja silipendi hata kidogo. Afriski iko kama mita 3,050, na juu ya mteremko ni 3,222. Kwa waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, hapo ni kati ya kambi za Mandara (2,720) na Horombo (3,720), na nyinyi mtafika kwa gari, si kwa miguu pole pole. Mtu wa Dar anayetoka usawa wa bahari asubuhi na kulala pale usiku anaweza kupata kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi wa mang'amung'amu. Laleni usiku mmoja au miwili Clarens, mji mdogo wa Afrika Kusini karibu na mpaka, kama mita 1,850, ndipo mpande. Kunyweni maji ya kutosha na usiku wa kwanza achaneni na pombe. Mtu akianza kuyumba akitembea, au akakosa pumzi hata akiwa amekaa, ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku. Dawa ya maumivu isitumike kumfichia dalili.

DadaTheluji
Nguo sasa. Msinunue mpya. Gikomba kwa Nairobi na Karume kwa Dar kuna makoti ya skii ya mitumba kila bela la baridi linapofunguliwa. Angalia vitu vitatu: mishono ya ndani iwe imebandikwa utepe, zipu iwe na kifuniko, na kiunoni kuwe na sketi ya lastiki ya kuzuia theluji isiingie. Mwagia tone la maji begani: likibaki kama shanga, koti bado zima, likinywewa, liache.

Ndani vaa nguo ya kubana ya sufu au poliesta, juu yake flisi (sweta laini la manyoya ya poliesta), juu kabisa koti. Pamba ngozini hapana. Ikishika jasho haikauki, na ukisimama kwenye foleni ya lifti unaanza kutetemeka. Suruali ya jinzi ni mbaya kuliko zote: ukianguka mara tatu imelowa, jioni imeganda magotini.

Soksi ni jozi moja tu, ndefu hadi chini ya goti. Kila mgeni huvaa mbili akidhani anaongeza joto, kumbe anaubana mguu, damu haipiti, vidole vinakufa ganzi na malengelenge yanatoka.

Skii, mabuti, fimbo na helmeti mtakodi pale pale. Buti lijaribiwe hivi: ingiza mguu, piga kisigino chini mara mbili kirudi nyuma, funga vishikizo kuanzia vya kifundoni. Ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo. Ukikunja magoti viachane. Kisigino kikinyanyuka, omba saizi ndogo hata kama si namba yako ya viatu. Skii ya anayeanza iishie usawa wa kidevu. Watakuuliza uzito, urefu na umri. Semeni ukweli, jamani, hasa wa uzito. Namba hizo ndizo zinazopangia kifungo kinachoshika buti kwenye skii kiachie kwa nguvu kiasi gani. Ukijiongezea kilo, kifungo hakitaachia ukianguka na goti litasokotwa. Ukijipunguzia, kitaachia ovyo katikati ya mteremko.

Kwa mara ya kwanza chagueni skii, snoboadi (ubao mmoja wa kutelezea kwa miguu yote miwili) isubiri. Kwenye skii mtu anajifunza kusimama siku ya kwanza: ncha za mbele zikaribiane, visigino visukumwe nje, magoti mbele. Usiegemee nyuma kwa woga. Ukiegemea nyuma skii zinashika mwendo na usukani unapotea. Anayeng'ang'ania snoboadi avae kinga ya viganja, kwa sababu wanaoanza huanguka na mikono mbele na kuvunja kifundo cha mkono. Lifti ya kukokota, ile inayokuvuta ukiwa umesimama kwenye skii, usiikalie kama kiti. Simama, iache ikuvute. Ukianguka, achia na ujiviringishe pembeni haraka, anayekufuata yuko nyuma yako.

Jua la huko linaunguza kuliko la ufukweni kwa sababu theluji inalirudisha usoni. Losheni ya SPF 50, pakeni hadi chini ya kidevu na ndani ya pua. Ngozi nyeusi nayo inaungua, na macho hayana ngozi: miwani yenye kinga ya UV ni lazima.

Upanga6
Asanteni sana, tumeongeza usiku mbili Clarens. Gari je? Na mwenzetu wa Kampala, kuna tofauti yoyote ya karatasi?

Fundi_wa_Njia
Mkuu, gari la viti saba likibeba watu sita linabaki na nafasi ya mabegi mawili. Chukueni magari mawili. Moja likikwama, la pili linakwenda kuomba msaada.

Siku ya kukodi ombeni barua ya kibali cha kuvuka mpaka, yenye namba ya gari na jina la dereva, na hakikisheni bima inafika Lesotho. Bila barua hiyo mnarudishwa mpakani. Kwa kutoka Clarens mtapita Fouriesburg hadi mpaka wa Caledonspoort, unaofunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 4 usiku. Mkivuka mko Butha-Buthe. Jazeni mafuta hapo (gari la dizeli, someni hapa chini kwanza).

Barabara ni ya lami, na mnaendesha kushoto kama nyumbani. Kazi iko Moteng Pass, njia ya kuvukia mlima, mita 2,820, kona za kukunja nyuma na mwinuko mkali. Vuka mpaka kabla ya saa 5 asubuhi. Agosti jua linazama kabla ya saa 12 jioni, na kona za kivulini zinaganda mapema zaidi. Barafu ya pale haionekani, ni kama lami iliyolowa tu. Panda kwa gia ndogo bila kubadilisha katikati ya kona. Teremka kwa gia ya 1 au ya 2. La otomatiki weka L au gia za mkono. Likianza kuteleza, toa mguu kwenye mafuta, usikanyage breki ghafla, elekeza usukani unakotaka kwenda. Minyororo ya tairi jaribuni kuifunga mkiwa Clarens kwenye ardhi kavu. Inafungwa kwenye tairi zinazovuta, na mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa.

Usiku joto linaweza kushuka chini ya −10, kwa hiyo:

Kulanti. Ni maji ya rejeta yenye dawa ya kuzuia kuganda; mwenye gari athibitishe rejeta haina maji matupu. Maji yakiganda yanapasua rejeta, hata bloku ya injini.

Dizeli. Dizeli ya kawaida hutoa nta kwenye baridi kali na kuziba filta. Asubuhi gari linawaka, linazima. Kwenye maeneo ya baridi huuzwa dizeli ya majira ya baridi, iulizieni Bethlehem, mji wa Afrika Kusini kabla ya Clarens. Kama mna uchaguzi, kodini la petroli.

Hendibreki. Usivute ukiegesha usiku, inaganda. Weka gia au P na jiwe nyuma ya tairi. Waipa zinyanyuliwe. Kioo kikiganda kwangua kwa plastiki; ukimwaga maji ya moto kinapasuka.

Mpaka_Mpaka
Karatasi. Mkenya na Mtanzania huingia Afrika Kusini bila viza kwa siku 90 kwa mwaka. Mganda anahitaji viza, na aombe ya kuingia mara nyingi, kwa sababu mkitoka Lesotho mnaingia Afrika Kusini tena. Masharti ya Lesotho yenyewe kila mmoja aulize kwa pasipoti yake kabla ya kulipia chochote. Wanaotoka Kenya na Uganda wawe na cheti cha homa ya manjano. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari.

Fedha: loti ya Lesotho ni sawa na randi moja, na randi inapokelewa kila mahali Lesotho. Kinyume chake ni vigumu, kwa hiyo mkirudishiwa chenji ya maloti itumieni kabla ya mpaka.

Vivutio: mkiwa Clarens tengeni siku nzima kwa hifadhi ya Golden Gate, miamba ya mchanga inayong'aa dhahabu jioni; ni kama kilomita 18 tu. Njiani kupanda, simameni Liphofung, pango lenye michoro ya Wasani, wawindaji wa kale wa huko, ambalo Moshoeshoe I, mfalme mwanzilishi wa Wabasotho, alilitumia kujihifadhi. Butha-Buthe ndipo ilipokuwa ngome yake kabla ya kuhamia mlima wa Thaba Bosiu mwaka 1824. Blanketi la Kibasotho nunueni la sufu, si la akriliki. Mtalivaa jioni hiyo hiyo. Bwawa la Katse achaneni nalo safari hii. Linapendeza, lakini njia yake inapita milima mingine mirefu na itakula siku mbili za theluji.