Majirani wa Kitooro (Entebbe, Uganda): kamera moja, lenzi moja

*Ijumaa, saa 2:10 usiku*

Zaina: Majirani, swali la kuchangamsha kikundi. Umeachwa mwaka mzima kwenye kisiwa kisicho na mtu, tuseme kimojawapo cha vile vidogo vya Ssese, Ziwa Victoria. Umeme hakuna, duka hakuna. Unaruhusiwa kamera moja na lenzi moja, mengine yaingie kwenye begi moja la mgongoni. Unachukua ipi? Wa "simu yangu inatosha" wakae kando 😄

Wasswa: X100VI ya Fujifilm. Lenzi haitoki, 23mm f/2 inayoona upana, megapikseli 40. Tulale.

Afande Baluku: Usilale bado, kijana. Betri yake ina wati-saa 8.7 tu. Na usipoifunga ringi na filta mbele ya lenzi, haijazibwa dhidi ya mvua.

Afande Baluku: Mimi Nikon FM2 ya filamu na 50mm f/1.8. Shata, lile pazia linaloruhusu mwanga, ni ya mashine tupu, kasi zote mpaka 1/4000 ya sekunde zinafanya kazi bila betri. Zile betri ndogo mbili za LR44 ni za kipimo cha mwanga tu. Zikifa, unahesabu kwa kichwa.

Zaina: Unahesabuje, Afande?

Afande Baluku: Jua kali: f/16, na kasi ikaribiane na namba ya ISO, yaani wepesi wa filamu kuona mwanga. Filamu ya 400, basi 1/500. Mchanga mweupe unaomulika, f/22. Mawingu mepesi f/11, mbingu imefunga f/8, wingu zito la mvua f/5.6, kivulini f/4. Angalia kivuli chako: kingo zikiwa kali, ni f/16. Zikianza kulainika, fungua hatua moja.

Mama Kato: Hiyo f ndiyo nini jamani

Afande Baluku: Namba ya tundu la lenzi, Mama Kato. Namba ikikua, tundu linapungua.

Hajati Mariam: Salaam alaikum. Afande, hesabu ya mwanga nakubali. Hesabu ya filamu je? Tuseme unabeba roli 30: mara picha 36 ni 1080. Hiyo ni chini ya tatu kwa siku. Na filamu iliyokwisha kupigwa haipendi joto na unyevu, rangi zinahama ukiichelewesha kusafisha. Friji iko wapi huko?

Afande Baluku: Nyeusi na nyeupe, Hajati. Nasafisha palepale kwa kahawa.

Wasswa: Kahawa??

Afande Baluku: Ndiyo. Maji lita 1, magadi ya kufulia yaliyo makavu kabisa gramu 54 (si ile soda ya mandazi), vitamini C gramu 16, kahawa ya kukoroga gramu 40. Koroga kwa mpangilio huohuo, dakika 15 kwenye nyuzi 20. Robusta ya bei ya chini ndiyo inayofaa zaidi, na hiyo Uganda tunayo.

Hajati Mariam: Maji ya ziwa hayana nyuzi 20, yana kama 25. Kwa hiyo muda unapungua, na bila kujaribu kipande kwanza utaipika filamu. Halafu kahawa inatoa picha tu, haiikazi. Bila dawa ya kukazia, thayosalfeti, ukiitoa juani inaendelea kuwa nyeusi. Beba kilo za dawa basi, na roli 30, na tangi. Begi limejaa.

Afande Baluku: 🤐 Endelea.

Hajati Mariam: Kisiwani kinachoua kamera si ubora wa picha, ni umeme na unyevu. Mimi nachukua DSLR (kamera ya dijitali yenye kioo ndani) ya zamani kidogo, Nikon D750, na lenzi ya 60mm f/2.8G Micro, ya kupiga vitu vidogo kwa karibu. Lenzi inafungwa kwenye kamera hapa Kitooro, haifunguliwi mpaka boti ya kurudi.

Wasswa: Hajati, DSLR mwaka huu? Mirolesi, zile zisizo na kioo ndani, zimepita mbali.

Hajati Mariam: Zimepita kwa kula betri pia. Z6 II, mirolesi ya Nikon, inatumia betri za ukoo uleule, EN-EL15. Kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani, ukichungulia kwenye kiskrini chake unapata picha 340. D750 inapata 1230, kwa sababu jicho linaona kupitia kioo na sensa, ile sehemu inayonasa picha, imelala mpaka ubonyeze. Piga 60 kwa siku, betri moja inakupa kama siku 20. Beba tatu.

Zaina: Na kuchaji?

Hajati Mariam: Hapo wengi wanakwama. D750 haichajiwi kwa waya wa USB, na chaja yake inataka soketi ya ukutani. Nunua chaja ya USB ya EN-EL15 kabla hujaondoka, na uijaribu nyumbani. Paneli ya kukunja ya wati 20, lakini usitegemee 20. Saa sita mchana ukipata 10 au 12 shukuru. Betri ya wati-saa 16, ukiongeza upotevu, ni kama saa mbili za jua zuri.

Hajati Mariam: Paneli ichaji pawabanki, pawabanki ndiyo ichaji betri. Ukiunganisha moja kwa moja, wingu likipita chaja nyingine zinazima na haziwaki tena zenyewe. Unarudi jioni, betri tupu. Na pawabanki ikae kivulini, chini ya paneli.

Wasswa: Sawa, umeme nimekubali. Lakini 60mm? Mandhari utayapigia nini? Ndani ya mtumbwi utapiga pua tu 😂

Hajati Mariam: 60 inaweza kupanuliwa kwa kuunga picha, 23 yako haiwezi kumpiga mdudu kwa saizi yake. Kwa mandhari: kamera wima, kila kitu kwa mkono (kasi, tundu, fokasi, rangi ya mwanga), piga tano mpaka saba, kila moja ikilalia theluthi ya iliyotangulia. Zungusha kamera lenzi ikibaki palepale, usizunguke kwa miguu. Utaziunga ukirudi.

Hajati Mariam: Inaharibika pale kitu kikiwa karibu. Jiwe la mita moja mbele litakatika vipande viwili. Mawimbi nayo hayaungani vizuri, kwa hiyo mshono uangukie nchi kavu.

Afande Baluku: Na furukombe juu ya mti?

Hajati Mariam: Huyo nimemsamehe, Afande. Ukiiweka kwenye ukato wa DX, unaotumia sehemu ya kati tu ya sensa, inakuwa kama 90mm na zinabaki megapikseli 10. Bado ni ndogo. Jenga maficho karibu na mahali anapokula samaki, au muache. Lakini kereng'ende, kuvu ya mti, jicho la mjusi, 60mm inafika saizi ya kitu chenyewe kutoka sentimita 18.5, ikipimwa kutoka kwenye sensa. Na hairefuki ikilenga, haivuti hewa ya nje kama lenzi za zumu zinazorefuka.

Mama Kato: Na wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi?

Hajati Mariam: Swali zuri kuliko yote, Mama Kato. Ndiyo maana lenzi haitoki. Wakiingia kwenye chumba cha kioo, utawapangusa mpaka mwaka uishe.

Zaina: Unyevu sasa.

Hajati Mariam: Kuvu ya lenzi inapenda unyevu zaidi ya asilimia 60. Boksi la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko, kipimo kidogo cha unyevu ndani, silika jeli (chembe za kunyonya unyevu) ya rangi ya chungwa nusu kilo. Lenga asilimia 40 mpaka 50. Silika ikigeuka kijani, ikaushe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukikoroga. Ikizidi moto inaungua na rangi hairudi tena. Ipoe ndani ya chombo kilichofungwa, la sivyo inanywa unyevu upya kabla hujairudisha. Begi la ngozi acha nyumbani, ngozi ndiyo nyumba ya kuvu.

Afande Baluku: Na kwenye mtumbwi, mfuko wa kukunja mdomo mara tatu. Kaveera, mfuko wa plastiki wa dukani, haitoshi.

Wasswa: Ikiwa kisiwa cha bahari?

Hajati Mariam: Futa kamera kwa kitambaa kilicholowa maji yasiyo na chumvi kila jioni, kisha kikavu. Chumvi ikibaki inavuta unyevu na kula skrubu. Lenzi pulizia kwanza, ndipo ufute.

Wasswa: Nikitafuta D750 iliyotumika, niangalie nini?

Hajati Mariam: Idadi ya mara shata ilivyopiga; imepimwa kuhimili 150,000. Chini ya 60,000 ni nzuri. Namba ya mwili wa kamera uiangalie kwenye tovuti ya Nikon, kuna kundi lililoitwa kubadilishwa shata bure. Na ina nafasi mbili za kadi: weka ya pili ipokee nakala ya kila picha, usiiweke ya kusubiri ya kwanza ijae. Kompyuta ya kuokolea picha huko hakuna.