Kompyuta ya kuhariri harusi kwa elfu 85, na diski niwe naitoa mwenyewe

BintiMkomani (Lamu)

Assalamu alaykum. Mimi napiga video za harusi hapa Amu, upande wa wanawake peke yake. Kwa asiyeijua desturi yetu: usiku wa kupamba bibi harusi mwanamume haingii, simu zinakusanywa mlangoni kwenye kikapu, na wenye kamera ni mimi na mdogo wangu tu. Mle ndani mabuibui yamevuliwa, watu wamejipamba, wanapiga pembe za vugo na kucheza mpaka usiku mkubwa. Picha zile ni amana.

Mwaka juzi laptopu yangu ilizima katikati ya kazi ya watu. Sikupata wa kuifungua hapa, nikaitia kwenye basi ikaenda kwa fundi mji mwingine, diski ikiwa ndani. Ikakaa siku 11. Iliporudi ilikuwa inawaka vizuri, lakini nilipotazama faili zilizofunguliwa karibuni nikaona klipu tatu za harusi moja, saa nne usiku, tarehe ambayo mimi nilikuwa Amu na laptopu iko huko. Nilikwenda mwenyewe kwa mama wa bibi harusi nikamweleza kabla hajaambiwa na mtu. Alinimiminia kahawa, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka akaenda kuswali. Hakunitukana. Ila mtaa ule sijaitwa tena tangu siku hiyo.

Basi laptopu sitaki. Nataka kompyuta ya mezani ambayo ikihitaji fundi nampelekea mashine tupu, diski za kazi zikabaki kwangu.

Kazi yenyewe: Sony a6400 mbili, 4K, Mbps 100 kila moja. Nimepiga hesabu, ni GB 45 kwa saa, kwa hiyo usiku mmoja wa kupiga kwa muda wa saa nne kwa kamera mbili ni GB 360. Ninachokabidhi ni 1080 kwenye flashi. Halafu kuna michoro inayotembea: majina ya maharusi kwa Kiarabu yanajiandika kama kwa kalamu, na nakshi za mlango zinafunguka pande mbili kabla video haijaanza. Nakshi hizo nilizichora kutoka mlango wa nyumba ya bibi yangu, na wateja wengi hunijia kwa ajili yake. Natumia After Effects, lakini kwa RAM (kumbukumbu ya kazi ya mashine) ya GB 8 naona sekunde mbili tu, inaganda, nakwenda kukuna nazi narudi nayo bado imeganda.

Skrini, kibodi na UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) ya VA 650 ninazo. Mkononi nina 85,000. Duka moja limenipa HP Z440 ya mtumba, prosesa yake Xeon E5-1650 v3, RAM GB 32, bila kadi ya picha, kwa 38,000. Jingine linasema ninunue vipande vipya vyenye prosesa ya i5-12400F, eti hiyo F ni herufi tu na bei inashuka. Nifuate lipi? Na tafadhali, msiniambie niongeze hela.

WayaNaBisibisi (Malindi)

Waalaykumu salaam dada. Aliyekwambia F ni herufi tu ama hakutakii mema ama hajui anachouza. F maana yake prosesa haina sehemu ya picha ndani yake. Kwa mcheza gemu si neno, kadi anayo. Kwako wewe sehemu ile ni mali, maana ndimo ilimo Quick Sync, kipande kilichowekwa makusudi kwa kufungua na kufunga video za H.264 na H.265, njia mbili za kubana video. a6400 inaandika H.264 ya biti 8, 4:2:0, yaani ile ya kawaida. Quick Sync inaifungua hiyo bila kutoka jasho. Chukua i5-12400 isiyo na F. Na kadi ya picha ikiungua katikati ya msimu, unachomeka skrini kwenye madabodi (bao kuu la mashine) unamaliza kazi ya watu.

Mwaka jana nilimjengea jamaa mmoja hapa anayepiga video za mahoteli. Bei zilikuwa hivi, nazo hupanda na kushuka kama bei ya kamba: prosesa 20,000, madabodi ya B660 14,000, RAM GB 32 kwa 11,000, NVMe (diski ya kasi ya Windows na programu) ya GB 500 kwa 5,500, pawa saplai 6,500, kesi 4,500. Hapo umefika 61,500. Kadi ya picha ya GTX 1660 Super ya mtumba tuliipata kwa 15,500. Inayobaki, 8,000, ni SSD (diski isiyozunguka) ya SATA ya TB 1 kwa video zako. Ndiyo 85,000 yako, na senti haibaki ya soda.

RAM nunua vijiti viwili vya 16. Ukiuziwa kijiti kimoja cha 32 kataa, maana viwili hupitisha data kwa njia mbili kwa pamoja. Na madabodi iwe ya nafasi nne za RAM. Madabodi ya H610 ni rahisi zaidi lakini nyingi zina nafasi mbili, na wewe siku moja utataka 64. After Effects tangu toleo la 2022 hutengeneza fremu kadhaa kwa wakati mmoja, na kila fremu inataka sehemu yake ya RAM. Ndiyo maana unakuna nazi.

Kadi ya picha usiililie sana. Hata ukianza bila hiyo, miezi mitatu ya kwanza utafanya kazi.

MzeeXeon (Mombasa)

Mwanangu, Z440 usiitupe hivi hivi. Ninayo tangu 2019, nimeiharirishia matangazo na mawaidha, haijanilalia hata siku moja. Pawa saplai yake ya wati 700 inabeba kadi yoyote utakayoimudu. RAM yake ya mtumba, ile ya seva, hupatikana kwa bei ya kutupa, nafasi ziko nane. Kwa 38,000 umeshapata mashine, na 47,000 iliyobaki ingekupa kadi ya picha ya RTX 3060 ya GB 12 na SSD juu yake. Ukihamia DaVinci Resolve, programu ya kuhariri yenye toleo la bure, utashukuru kwa hizo GB 12.

Ila niseme na upande wa pili, maana sitaki kesho unilaumu. Prosesa hiyo ni ya 2014, na kazi inayotegemea koa moja (kiini kimoja cha prosesa) itakwenda pole kuliko kwenye i5. Windows 11 haiikubali rasmi, na Windows 10 huduma yake ilikoma Oktoba 2025. Na inakula umeme: prosesa peke yake ni wati 140, ilhali i5 hiyo kiwango chake cha msingi ni 65.

Kuhusu Kiarabu: bila shaka herufi zako zinatoka zimeachana, moja moja, kama shanga zilizokatika uzi. Ingia kwenye mapendeleo ya After Effects, sehemu ya maandishi, na kama toleo lako lina chaguo la injini, ibadilishe iwe South Asian and Middle Eastern. Zitashikana.

BintiMkomani

Shikamoo mzee wangu. Miaka miwili nimekuwa nikiandika majina kwa Photoshop na kuyaleta kama picha kwa sababu ya zile herufi. Miaka miwili! Allah akulipe.

Z440 ilikuwa imeniingia moyoni, lakini wati 140 zimenitoa. UPS yangu hii hapa imeandikwa wati 360 ubavuni, na umeme wetu kipindi cha kaskazi kila mtu akiwasha feni huja na kwenda. Chumba changu ni wikio, kile chumba kilichopita juu ya kichochoro, upepo kidogo, joto jingi. Tena nimeuliza pawa saplai ya Z440 ikifa: umbo lake na plagi zake ni za HP wenyewe, haiingii ya kawaida. Amu nitaipata wapi?

Sasa swali langu la diski hamjanijibu. Nikishachomoa SSD ya kazi nikampa fundi mashine, hakuna kitu kimebaki ndani?

MamaMatondoni (Lamu)

Kimebaki, tena kingi, na hapo ndipo wengi wanapojidanganya. After Effects na Premiere, ile ya kuhariria, zote mbili huweka kashe. Fremu ulizokwisha kuzitazama huhifadhiwa kwenye diski ili zisitengenezwe upya, na usipogusa kitu huwekwa kwenye C, diski yenye Windows. Windows nayo hujiwekea vijipicha vya kila klipu uliyopita juu yake kwenye folda. Yaani unaondoka na video, unamwachia fundi sura za watu.

Mimi nahifadhi picha za ukoo na hati za zamani, nimelijifunza hili kwa aibu zangu mwenyewe. Fanya hivi. Siku ya kwanza kabisa, kabla hujaingiza klipu hata moja, hamisha kashe za programu zote mbili ziende kwenye SSD ya kazi. Vijipicha vya Windows vizime, folda zionyeshe alama ya faili tu. Kisha ile SSD yenyewe ifunge kwa VeraCrypt, programu ya kufunga diski kwa nenosiri, ambayo ni ya bure. BitLocker kamili, kufuli la Windows yenyewe, haimo kwenye Windows Home. Nenosiri liwe refu, na usiliandike kwenye karatasi ukaibandika chini ya kibodi, nimeona watu.

Kwa kuchomoa: usizifunge SSD kwa skrubu ndani kabisa. Tafuta kesi yenye ile nafasi ya mbele ya zamani, ya kuwekea CD, uweke trei ya kuvuta. Kesi mpya nyingi hazina, kwa hiyo angalia picha kabla hujalipa. Usipoipata, nunua kikasha cha nje cha USB. Kwa hesabu yako ya GB 45 kwa saa, kila kamera ni MB 12.5 kwa sekunde. Mbili ni 25. USB 3 inazibeba hizo na nafasi inabaki tele.

Na chumvi. Usiweke mashine upande wa dirisha la baharini. Yangu niliifungua baada ya miaka miwili, tundu za USB za nyuma zilikuwa zimeota kijani. Iwashe kila siku hata kama huna kazi, ule uvuguvugu unafukuza unyevu.

WayaNaBisibisi

Mama kamaliza. Mimi hilo la kashe sikuwa nalo kichwani kabisa, nilikuwa nawaza spidi tu. Dada, kwa trei basi chukua kesi ya mtumba yenye nafasi ya CD, 2,000 inatosha, na ile 2,500 itakayobaki nunulia trei. Pawa saplai usichukue ile inayokuja bure na kesi. Tafadhali.

BintiMkomani

Narudi baada ya wiki tano kutoa habari.

Vipande vilikuja kwa basi mpaka Mokowe, vikavuka kwa boti, kutoka gatini vikapanda punda. Mwenye punda aliniuliza ni sahani? Nikamwambia ni sahani. Alikwenda taratibu mno, barikiwa.

Kadi ya picha sikununua. Zile 15,500 nimezigawa: SSD ya pili ya TB 1, iliyobaki naiwekea betri ya UPS, maana ya sasa haifiki dakika nne. Nimejenga mwenyewe kwenye mkeka, mdogo wangu ameshika tochi ya simu. Mara ya kwanza haikutoa picha, feni zinazunguka tu. Nilitaka kulia. Kumbe kijiti kimoja cha RAM hakikuwa kimebana upande wa pili. Nikakikandamiza mpaka kikalia *tak*, na mimi nikapiga kigelegele mpaka jirani akachungulia kutoka kwake.

Nakshi za mlango zilizokuwa zikinigandia sekunde ya pili sasa naziona sekunde zote kumi na mbili mfululizo. Majina ya Kiarabu yanashikana. Taimulaini ya kamera mbili inakwenda bila proksi (nakala nyepesi za klipu), ila nikirundika rangi na tabaka nyingi inaanza kusita. Kadi nitainunua baada ya msimu wa Mfungo Mosi, inshallah.

Trei inavutika kwa kidole kimoja. Usiku nazitoa SSD zote mbili, nazifunga kwenye kitambaa, zinalala kwenye kasha la bibi pamoja na udi wake. Ameniuliza mara mbili mbona mashine yangu nailaza bila roho.

Wiki iliyopita nilikutana na yule mama wa bibi harusi sokoni. Nikamwamkia. Akaniuliza kama ni kweli sasa naitoa ile diski kwa mkono. Sijui nani kamwambia. Nikasema ndiyo. Akasema mdogo wake bibi harusi ameposwa, kisha akaendelea kuchagua mbatata.

Waya, swali moja: feni ya nyuma niielekeze inavuta hewa ndani au inatoa? Nyuma yake ni ukuta, nafasi kama shubiri moja.

WayaNaBisibisi

Inatoa. Ya mbele ndiyo ivute. Na shubiri moja inatosha, ila usitundike kanga hapo nyuma.