Jaribio la SMS za kukumbusha dawa kliniki ya presha: tugawe vipi, tupime nini?

Kliniki_Wilaya

Habari wakuu. Hospitali yetu ya wilaya ina kliniki ya presha Jumatatu na Alhamisi. Wagonjwa wengi huchukua dawa za mwezi mmoja, wakijisikia nafuu wanaacha, kisha wanaletwa na kiharusi. Tunataka kupima kama SMS inasaidia. Mpango: wa Jumatatu wapate SMS kila asubuhi, "Usisahau kumeza dawa yako ya presha", wa Alhamisi wasipate. Watu 100 kila upande, miezi 6. Mwisho tunawauliza kama wamemeza dawa na tunawapima presha. Kuna mwenye kuona kasoro kabla hatujapeleka kwa kamati ya maadili?

Mratibu_Tafiti

Mkuu, wazo zuri, ila mgawo wa siku utaliua jaribio lote. Kama Alhamisi ni siku ya gulio, wakulima watajaa siku hiyo na wafanyakazi watakwepa. Tofauti mtakayoiona mwishoni itakuwa ya gulio, si ya SMS. Isitoshe, muuguzi anajua tangu mapema mgonjwa ataangukia kundi gani, na atamwambia yule anayemwonea huruma, "Mama, njoo Jumatatu." Hata kama hana nia mbaya.

Fanyeni hivi. Mtu asiyehusika na kliniki atengeneze orodha ya bahati nasibu kwa kompyuta, kwa mafungu yanayobadilika ukubwa, mara fungu la watu 4, mara la 6, nusu ya kila fungu wakienda kila upande. Fungu likiwa 4 siku zote, muuguzi makini ataotea la mwisho. Kila mgawo uwekwe kwenye bahasha isiyopenya mwanga, ndani mna karatasi ya foili, bahasha zina namba kwa mfuatano. Mgonjwa asaini ridhaa, apimwe presha ya mwanzo, jina na tarehe viandikwe juu ya bahasha, NDIPO ifunguliwe. Mkifungua kwanza halafu mkaomba ridhaa, wa kundi lisilo na SMS watakataa zaidi na makundi hayatalingana tena. Bahasha isirukwe, hata ikichanika, andika kilichotokea.

Kuhusu ujumbe wenyewe, someni jaribio la WelTel Kenya1 lililochapishwa mwaka 2010. Watu 538 walioanza ARV katika kliniki tatu za Kenya. Ujumbe ulikuwa mmoja kwa wiki: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48, mwenye shida au aliyenyamaza alipigiwa simu na kliniki. Ufuasi mzuri wa dawa (kumeza kama ilivyoagizwa) ulikuwa asilimia 62 kwa waliotumiwa SMS na 50 kwa wengine. Waliofubaza virusi ni asilimia 57 dhidi ya 48. Ukiuangalia mpango huo, SMS ni mlango tu. Kilichokuwa nyuma yake ni mtu wa kliniki anayepiga simu. Wenu hauna mlango wa kujibu kabisa.

Na kila siku ni nyingi mno. Jaribio la Chulaimbo, magharibi mwa Kenya, lililochapishwa 2011, lilihusisha watu 431 wa ARV. Waliopata ujumbe kila wiki, asilimia 53 walifikia ufuasi wa asilimia 90 kwa wiki 48. Wasiopata kitu, asilimia 40. Wa kila siku hawakuwapita wasiopata kitu. Huenda ujumbe wa kila asubuhi unazoeleka, mtu anaufuta bila kuusoma.

Hesabu_Tu

Naongezea namba. Kwa watu 100 kila upande mtaona tofauti kubwa tu, kama pointi 20 za asilimia hivi. SMS haileti hiyo. Mkitarajia ufuasi utoke asilimia 50 hadi 62, kwa uwezo wa asilimia 80 (nafasi ya kuiona tofauti kama ipo kweli) na kiwango cha kawaida cha 0.05 (nafasi ya kudanganywa na bahati kama haipo), mnahitaji kama 265 kila upande. Wakipotea asilimia 15, gawanya kwa 0.85: 312 kila upande.

Mkichagua kupima wastani wa presha, ile namba ya juu, badala ya ufuasi, chukulieni mtawanyiko (standard deviation) wa 20 mmHg: kuona tofauti ya 5 mmHg ni kama 251 kila upande, kuona 3 mmHg ni karibu 700. Chagueni KIPIMO KIKUU KIMOJA sasa hivi na mkiandike. Ukipima vitu kumi, kimoja kinaweza kutoka "kizuri" kwa bahati tu, na kila mtu atakishangilia.

Halafu uchambuzi: mtu abaki kwenye kundi alilopangiwa hata kama simu yake ilizimwa wiki ya pili. Kumwondoa ni kubakiza wale watiifu peke yao.

Presha_Sahihi

Mie sikubaliani na kuwauliza "umemeza dawa?" Kila mtu atasema ndiyo, na wa kundi la SMS watasema ndiyo kwa nguvu zaidi maana wanajua mnategemea nini. Kuhesabu vidonge nako kuna mwanya: mgonjwa anamwaga vya ziada njiani. Chulaimbo walitumia chupa yenye chipu inayorekodi kila ifunguliwapo, ghali kwa hospitali ya wilaya. Rahisi kwenu ni daftari la famasi: tarehe ya kuchukua dawa na siku ambazo dawa hiyo inatosha. Halithibitishi kwamba amemeza, lakini asiyechukua popote hakika hakumeza.

Kwenye presha, mpimaji asijue mgonjwa ni wa kundi gani. Hili huvunjwa kirahisi pale muuguzi anayepiga simu anapokuwa ndiye pia anayepima. Kazi hizo mbili zifanywe na watu tofauti. Mashine ya otomatiki, mgonjwa akae dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Mkono ukining'inia, namba inapanda. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene nao unapandisha, kwa hiyo muwe na saizi angalau mbili. Pimeni mara 3, dakika 1 katikati, tupa ya kwanza, chukua wastani wa mbili za mwisho.

Msichukue mtu kwa kipimo kimoja cha siku hiyo. Aliyesoma 170 leo kwa sababu amepanda mlima na kugombana na konda, mwezi ujao atasoma 150 bila msaada wowote. Makundi yote mawili yatashuka. Wengi hapo huandika "wagonjwa walishuka pointi 15" na kusahau kwamba wa ulinganisho nao walishuka 12.

Kliniki_Wilaya

Asanteni sana. Swali: wengi wanatumia simu moja nyumbani, mume au mtoto ndiye anayeshika. Na kliniki ni moja, si watahadithiana?

Mratibu_Tafiti

Simu ya pamoja: muulizeni mwanzoni nani anasoma ujumbe, na ujumbe usitaje ugonjwa. "Habari ya wiki?" inatosha. Chukueni namba mbili za ziada, maana laini zinabadilishwa, na wekeni kumbukumbu ya SMS zilizofika, si zilizotumwa. Kujibu kusimgharimu mgonjwa.

Kuhadithiana hakudhuru sana, asiye wa kundi la SMS hapigiwi simu. Mkiogopa, gaweni kwa vituo, yaani kituo kizima kiwe upande mmoja, lakini hesabu inapanda kwa sababu wagonjwa wa kituo kimoja hufanana. Watu 50 kwa kituo na mfanano wa 0.02 ndani ya kituo: 1 + 49 × 0.02, yaani mara 1.98. Hapo ni karibu vituo 11 kila upande. Bakini na mtu mmoja mmoja.

Makaratasi: kibali cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba), barua ya Mganga Mkuu wa Wilaya, na usajili PACTR (daftari la majaribio ya tiba Afrika) kabla ya mshiriki wa kwanza, si baada, majarida makubwa hukataa lililosajiliwa kwa kuchelewa. Asiyejua kusoma aweke dole gumba mbele ya shahidi asiye wa timu yenu. Kundi la ulinganisho lipate huduma yake yote ya kawaida.

Hesabu_Tu

Na msidhani kila jaribio la namna hii hufaulu. La Kibera, Nairobi, watu 700 wenye VVU, lililochapishwa 2018, lilitumia mtindo uleule wa WelTel wa ujumbe wa wiki ili watu wasipotee kliniki mwaka wa kwanza. Halikuona tofauti. Andikeni hivyo kwenye utangulizi, kamati itawaheshimu.

La mwisho ni saa za kazi. Watu 265 kwa wiki, tuseme theluthi wananyamaza: simu 88. Kwa dakika 4 kila moja ni karibu saa 6. Nani atazipiga, na akienda likizo nani anashika? Jina lake na vocha yake viwe kwenye bajeti.